Usiku Bitcoin ilipokuwa mbili: uchambuzi wa mpasuko wa Machi 2013

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Machi 2013 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Bitcoin ulipasuka vipande viwili. Kwa saa kadhaa kulikuwa na minyororo miwili ya bloku (mafungu ya miamala) iliyorefuka sambamba, yote ikijiita Bitcoin, kila mmoja ukiwa na wachimbaji wake (wenye kompyuta zinazotengeneza bloku), wafanyabiashara wake na watu waliokuwa wakilipana humo pasipo kujua kwamba wenzao wanasoma hesabu nyingine. Hapakuwa na mdukuzi. Hapakuwa na kambi mbili zilizoshindwa kuelewana. Programu mpya iliipokea bloku moja ambayo programu ya zamani iliikataa, na hilo likatosha.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu sijaona kingine kinachoonyesha wazi hivi namna mtandao usio na makao makuu unavyopona. Wapenzi wa sarafu za kidijitali hupenda kusema kwamba mtandao hujitibu wenyewe. Wapinzani wao husema hapana, ni wakubwa wachache waliokaa na kuamua. Ukiyafuata matukio ya usiku ule hatua kwa hatua unakuta yote mawili yalitokea, na kwamba moja bila jingine lisingefua dafu.

Kanuni mbili, na ipi hutangulia

Huduma ya pesa kwa simu ikigoma, kuna kampuni ya kupigiwa. Ina wahandisi wake na seva zake, na mwishowe itatoa taarifa moja kwamba huduma imerejea. Bitcoin haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina maelfu ya kompyuta, kila moja ikiitwa nodi, na kila nodi hutunza nakala yake ya hesabu zote tangu Januari 2009. Kila baada ya dakika 10 hivi mchimbaji mmoja hupata bloku mpya ya miamala na kuitangaza. Nodi huikagua yenyewe, bila kumwuliza mtu, kisha huiunga kwenye mnyororo wake au huitupa.

Katika ukaguzi huo kuna kanuni mbili. Ya kwanza: bloku inayovunja masharti haihesabiwi kamwe, hata kama wachimbaji wote duniani wameijenga. Ya pili: kati ya minyororo iliyo halali, nodi hufuata ule uliobeba kazi nyingi zaidi ya ukokotoaji. Watu wengi huijua hii ya pili tu, wakadhani wingi wa mashine ndio unaoamua kila kitu. Sivyo. Uhalali huja kwanza, wingi baadaye, na ni mpangilio huo uliouponya mtandao ule, baada ya kuwa umeupasua.

Kwa kawaida mnyororo hugawanyika kidogo mara kwa mara. Wachimbaji wawili hupata bloku karibu kwa wakati mmoja, nodi zinagawanyika kwa dakika chache, kisha bloku inayofuata huupa upande mmoja uzito na upande wa pili hujirudi wenyewe. Hiyo ndiyo sababu muuzaji makini husubiri uthibitisho wa bloku 6, yaani bloku 6 ziungwe tangu ile yenye malipo yake, kabla ya kukabidhi mali. Mpasuko wa Machi 2013 haukuwa wa aina hiyo. Ungeweza kusubiri uthibitisho 6, ukaupata, na bado ukawa uko upande utakaotupwa.

Kufuli zilizoisha

Mwezi mmoja kabla, Februari 2013, lilikuwa limetoka toleo 0.8 la programu ya Bitcoin. Lilikuwa hatua kubwa. Msanidi Pieter Wuille alikuwa amebadilisha namna programu inavyotunza kumbukumbu za sarafu ambazo hazijatumika, na hifadhidata ya zamani, Berkeley DB, ilikuwa imeondolewa kwenye kazi ya kutunza faharasa ya bloku na nafasi yake kuchukuliwa na LevelDB. Nodi ya toleo jipya ilifanya kazi kwa kasi kubwa zaidi. Wachimbaji, ambao kwao sekunde ni pesa, walihamia mapema. Wafanyabiashara na watumiaji wa kawaida hawakuwa na haraka hiyo. Wengi walibaki kwenye 0.7 au nyuma zaidi.

Hakuna aliyebadilisha masharti ya Bitcoin. Ukubwa wa juu wa bloku ulikuwa megabaiti 1 kabla, na ulibaki megabaiti 1 baada. Aliyehamia 0.8 aliamini, kwa haki kabisa, kwamba anatumia sarafu ileile kwa programu yenye kasi zaidi.

Tatizo lilijificha ndani ya Berkeley DB. Hifadhidata hiyo hufunga kwa kufuli kila ukurasa wa faili inaougusa, ili kazi mbili zisiandike mahali pamoja kwa wakati mmoja. Idadi ya juu ya kufuli haijipangi yenyewe. Mtu anayeijenga programu yake juu ya hifadhidata hiyo ndiye anayepaswa kuikadiria mapema. Bitcoin ya zamani ilikuwa imeweka 10,000. Sasa fikiria bloku yenye miamala mingi, na kila muamala una viingilio kadhaa. Kila kiingilio kinaelekeza kwenye muamala wa zamani, na nodi lazima iutafute muamala huo ndani ya faili ya blkindex.dat ili ihakikishe sarafu ipo na haijatumika. Kila utafutaji hugusa kurasa, na kila ukurasa unakula kufuli. Zikifika 10,000 kabla bloku haijaisha, hifadhidata inarudisha hitilafu.

Hapo ndipo penye kosa lenyewe. Programu haikuwa na njia ya kutofautisha hali mbili zilizo mbali sana: kwamba bloku imevunja masharti, na kwamba mimi, nodi, nimeshindwa kuimaliza. Zote mbili iliziandika vilevile: bloku imekataliwa. Udhaifu wa mashine ukageuka kuwa hukumu juu ya bloku.

Kwa nini hakuna aliyeliona kabla? Majaribio yalikuwa yamefanyika. Bloku za ukubwa wa juu kabisa zilikuwa zimepitishwa kwenye mtandao wa majaribio na programu ya zamani ikazimeza bila shida. Haikumjia mtu yeyote akilini kwamba bloku ndogo kuliko hizo inaweza kuhitaji kufuli nyingi zaidi, kwa kuwa kinachohesabiwa ni kurasa zinazoguswa na wala si baiti. Tena, kabla ya 0.7 programu ya mchimbaji ambayo haikuguswa ilijiwekea yenyewe kikomo cha baiti 500,000, kwa hiyo bloku nzito hazikuwa zikitokea. Toleo 0.7 liliruhusu kikomo hicho kibadilishwe, na katika wiki iliyotangulia mpasuko wachimbaji walikuwa wamehimizwa wakiongeze ili miamala isirundikane.

Kuna jambo jingine ambalo mimi huliona zito kuliko yote katika kisa hiki. Idadi ya kufuli zinazohitajika ilitegemea jinsi kurasa zilivyopangika ndani ya blkindex.dat ya kila kompyuta, na mpangilio huo haukuwa sawa kati ya kompyuta moja na nyingine. Nodi mbili za toleo lilelile zingeweza kuikagua bloku ileile, moja ikaipokea na nyingine ikaikataa. Maana yake ni kwamba Bitcoin ilikuwa imeishi kwa miaka minne na sharti ambalo halikuandikwa popote, halikujulikana na yeyote, na halikufanana kutoka mashine hadi mashine. Hata kama 0.8 isingetoka kamwe, siku moja lingelipuka.

Bloku namba 225,430

Bloku iliyolilipua ilikuwa ya 225,430. Ilikuwa na viingilio vingi kuliko bloku yoyote iliyowahi kuonekana. Nodi za 0.8 ziliipokea na kuendelea. Nodi nyingi za matoleo ya nyuma zilijikwaa, zikaitupa, na kubaki zikingoja bloku nyingine ya namba hiyohiyo. Mchimbaji wa upande wa zamani alipoipata, mpasuko ukakamilika.

Upande wa 0.8 ulikuwa na takriban asilimia 60 ya nguvu zote za uchimbaji. Hilo ndilo lililoufanya mpasuko usijifunge. Kama upande wa zamani ungekuwa na wingi, mnyororo wake ungeupita ule wa 0.8 kwa kazi, na nodi za 0.8, ambazo hazikuwa na tatizo lolote na bloku za upande ule, zingerudi zenyewe bila mtu kuamshwa usingizini. Lakini wingi ulikuwa upande wa pili, na pengo lilizidi kupanuka. Kwa mgawanyo huo, bloku upande wa 0.8 zilikuja kila baada ya dakika 17 hivi, na upande wa zamani kila baada ya dakika 25.

Mtu mwenye nodi ya zamani aliona nini? Programu yenyewe ilikuwa na onyo kwa hali kama hii. Ikigundua kwamba kuna mnyororo iliokwisha kuukataa lakini wenye kazi nyingi zaidi kuliko wake, iliandika kwamba miamala unayoiona huenda si sahihi, na kwamba huenda unahitaji kusasisha programu, au huenda wengine ndio wanaohitaji kusasisha. Maneno hayo yana ukweli mtupu. Nodi haina namna ya kujua nani amekosea. Inajua tu kwamba haikubaliani na wengi, na inamwachia binadamu aliyeketi mbele yake.

Uamuzi

Mpasuko uligunduliwa mapema, na watu waliohitajika walikuwa mtandaoni au walipatikana haraka kwenye gumzo la IRC ambako wasanidi wa Bitcoin walikutana kila siku. Gavin Andresen, aliyekuwa msanidi mkuu, alikuwapo. Pieter Wuille alikuwapo. Msanidi mwenzao Luke Dashjr pia. Na alikuwapo mwendeshaji wa BTC Guild, aliyejulikana kwa jina la Eleuthria, ambaye kundi lake la uchimbaji, yaani wachimbaji wengi wanaounganisha nguvu za mashine zao, lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani.

Wazo la kwanza la Andresen lilikuwa lile ambalo wengi wetu tungelitoa: mnyororo wa 0.8 una nguvu nyingi zaidi, na kanuni ya Bitcoin ni kwamba nguvu nyingi hushinda, kwa hiyo watu wahamie 0.8. Dashjr alipinga. Kuendelea na 0.8, alisema, ni kubadilisha masharti ya mtandao kwa bahati mbaya, bila kumwambia mtu. Wuille naye alielemea upande wa kurudi nyuma. Mwendeshaji wa BTC Guild aliwaeleza kwamba yeye peke yake anaweza kuurudisha wingi upande wa 0.7 akiamua, na alichokuwa akingoja ni kuambiwa kama hilo ndilo linalofaa. Wuille alimjibu kwamba kwa maoni yake ndilo, ila kwanza wakubaliane.

Ukilitazama kwa mbali unaweza kuona ni jambo la kushangaza: kuacha programu bora, iliyo sahihi, yenye wingi, na kuirudia ile yenye kasoro. Lakini sababu yake ni imara kabisa, na ndiyo hoja yangu katika uchambuzi huu wote. Pande hizo mbili hazikuwa sawa. Nodi ya 0.8 iliukubali mnyororo wa zamani kuwa halali. Iliuacha tu kwa kuwa ulikuwa na kazi kidogo. Nodi ya zamani haikuukubali mnyororo wa 0.8 hata kidogo, na isingeukubali kwa wingi wowote. Kwa hiyo ukiongeza nguvu upande wa zamani, kila nodi duniani, mpya na kuukuu, huishia mahali pamoja bila mwenyewe kugusa chochote. Ukiongeza nguvu upande mpya, nodi za zamani hubaki zimekwama hadi kila mmiliki, mmoja mmoja, apate habari, aelewe, apakue programu mpya na aiwashe. Na wamiliki hao ni pamoja na masoko ya kubadilishia sarafu, maduka, na watu wasiojulikana na yeyote.

Mtandao wa namna hii huweza kujirudi wenyewe kuelekea upande mmoja tu: ule ulio mkali zaidi katika kukubali bloku. Haijalishi ni mpya au wa zamani, wala kama ukali wake una busara. Usiku ule ukali ulitokana na kufuli zilizoisha, kosa tupu la kiufundi, na hata hivyo ndio uliopaswa kufuatwa, kwa sababu ndio pekee ambao kila mtu angeweza kuufuata.

BTC Guild ilirudisha nodi zake kwenye 0.7. Marek Palatinus, ajulikanaye kama Slush, mwendeshaji wa kundi jingine kubwa, alifanya vivyo hivyo. Tahadhari ilisambazwa kwenye nodi ikiwataka wachimbaji waache kuchimba kwa 0.8. Kukimbizana hakukuisha mara moja, maana upande wa zamani ulikuwa nyuma kwa bloku nyingi na kila bloku ilibidi ipatikane kwa kazi halisi. Asubuhi ya tarehe 12, kwa saa za Afrika Mashariki, mnyororo wa zamani uliupita ule wa pili. Nodi za 0.8 ziliziacha bloku 24, kuanzia 225,430 hadi 225,453, zikahamia upande wa zamani zenyewe.

Nani alilipa

Bloku moja wakati huo ilimpa mchimbaji Bitcoin 25. Bloku 24 zilizotupwa zilibeba zawadi ya 600, ambayo kwa bei ya siku zile ilizidi dola 20,000. Sehemu ya hasara hiyo iliwaangukia haohao waliofanya uamuzi wa kurudi nyuma. BTC Guild na Slush walizitupa bloku zao wenyewe, wakijua, ili mtandao urudi kuwa mmoja. Walikuwa na maslahi yao ndani yake, bila shaka. Bitcoin iliyogawanyika isingekuwa na bei ya kuchimbia. Hata hivyo, mtu aliyelala akiamini ana pesa kwenye pochi, akaamka akaikuta salama, ana deni kwao, na ni haki lisemwe wazi.

Upande wa watumiaji, madhara yalikuwa madogo mno ukilinganisha na hatari yenyewe. Masoko makubwa ya kubadilishia sarafu yalisimamisha kupokea amana, na malipo kupitia kampuni ya BitPay yalisitishwa kisha yakafunguliwa. Bei ilishuka kwa ghafla, kisha ikapanda tena. Kulikuwa na tukio moja kubwa la sarafu zilezile kutumika mara mbili: mtu mmoja aliweka amana ya takriban dola 10,000 kwenye huduma ya malipo ya OKPAY, ikathibitishwa upande wa 0.8, huku muamala mwingine wa sarafu hizohizo ukiingia upande wa zamani. Upande wa zamani uliposhinda, amana ile ikawa haipo. Aliyefanya hivyo hakukusudia wizi. Alitaka kuona kama inawezekana. Inawezekana. Angekuwa mwingine, mwenye nia mbaya na maandalizi, hesabu ya hasara ingekuwa tofauti kabisa.

Kuna masharti mawili ya zamani yaliyowakinga watu bila wao kujua. La kwanza ni kwamba muamala hauishi ndani ya bloku peke yake. Mtu aliyemtumia mwenziwe pesa wakati wa mpasuko aliutangaza muamala wake kwa mtandao mzima, na mara nyingi pande zote mbili ziliuandika. Ule uliokuwa kwenye bloku zilizotupwa pekee ulirudi kwenye foleni ya miamala inayongoja, ukaingizwa kwenye bloku za baadaye. Kwa mtu mwaminifu, mpasuko ulikuwa ucheleweshaji tu. La pili ni kwamba zawadi ya mchimbaji haiwezi kutumika hadi zipite bloku 100. Laiti zile Bitcoin 600 zingeweza kutumika papo hapo, zingekuwa zimeshazunguka mikononi mwa watu wasiohusika, na kila aliyezipokea, pamoja na aliyelipwa naye, angeamka mikono mitupu. Sharti hilo liliwekwa kwa siku kama ile.

Suala la madaraka

Wapo wanaosoma kisa hiki na kuhitimisha kwamba ugatuzi ni hadithi: watu wachache kwenye gumzo moja, na wachimbaji wawili, waliamua hatima ya sarafu ya dunia nzima. Siipuuzi hoja hiyo. Mtu mmoja aliyeweza kusema "naweza kuugeuza mtandao peke yangu" ni tatizo, hata akiwa mtu mwema, na mkusanyiko wa nguvu za uchimbaji kwenye makundi machache umeendelea kuwa donda la Bitcoin tangu wakati huo.

Lakini tazama ni nini hasa walichoweza kufanya. Hawakuweza kuilazimisha nodi hata moja ya 0.7 iipokee bloku 225,430. Wangekuwa na asilimia 99 ya nguvu zote, bado wasingeweza. Walichoweza ni kuchagua waurefushe upi kati ya minyororo miwili, na ule walioutaka ushinde ulishinda kwa kuwa kila nodi, kwa ukaguzi wake yenyewe, ilikwisha kuukubali. Madaraka yao yalikuwa ya kweli, na yalikuwa na mpaka. Kinachonisumbua zaidi ni bahati: kwamba watu wanaojuana, wanaoaminiana na wanaoelewa tatizo walikuwa macho saa ile. Mtandao mkubwa zaidi wenye waendeshaji wasiojuana ungechukua muda mrefu zaidi kufika kwenye uamuzi uleule.

Ukikilinganisha kisa hiki na vingine viwili, ile hoja ya upande mkali inathibitika. Tarehe 15 Agosti 2010, katika bloku 74,638, kosa la kufurika kwa namba, yaani namba kuzidi nafasi iliyotengewa na programu, liliruhusu muamala mmoja uzalishe zaidi ya Bitcoin bilioni 184, ilhali jumla yake haipaswi kuzidi milioni 21. Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin, alitoa programu iliyorekebishwa ndani ya saa chache. Safari hiyo upande mkali ulikuwa ule mpya: uliikataa bloku ambayo ya zamani iliipokea. Wachimbaji walihamia huko, mnyororo safi ukaupita ule mchafu kwenye bloku 74,691, na nodi za zamani zikafuata zenyewe. Mwelekeo wa matoleo ni kinyume kabisa na 2013, ila tiba ni ileile.

Kinyume chake ni Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu ya kidijitali, tarehe 11 Novemba 2020. Geth, programu ya kuendeshea nodi za Ethereum, ilikuwa na kosa la zamani ambalo lilikuwa limerekebishwa kimyakimya katika toleo la baadaye, bila kutangazwa, ili wenye nia mbaya wasilitumie. Infura, kampuni inayoziunganisha programu nyingi na Ethereum, ikiwamo pochi ya MetaMask, ilikuwa bado kwenye toleo la nyuma. Muamala uliogusa kosa hilo ulipotokea, matoleo hayo mawili yalipata majibu tofauti ya hesabu ileile, na kila upande ukaukataa mwingine. Hapo hapakuwa na upande mkali na upande mlegevu. Wachimbaji wasingeweza kusaidia kitu kwa kuhama. Tiba ilikuwa moja tu, walioachwa wasasishe programu zao kwa mikono, na hadi walipofanya hivyo huduma zilizowategemea zilikaa zimezima.

Baada ya mpasuko

Kuurudisha mtandao kwenye 0.7 hakukuondoa ugonjwa. Bloku nyingine ya namna ile ingeweza kuja siku yoyote, tena wachimbaji wengi bado walitaka kasi ya 0.8. Tarehe 18 Machi lilitoka toleo 0.8.1. Lilifanya jambo ambalo mwanzoni halivutii kabisa: liliifundisha programu nzuri kuiga kwa muda udhaifu wa ile mbovu. Kuanzia tarehe 21 Machi, bloku yoyote iliyorejelea miamala tofauti zaidi ya 4,500 ilikataliwa hata na programu mpya, ili isije ikazimaliza kufuli 10,000 za nodi za zamani. Bloku ambazo wachimbaji wangezitengeneza zilirudishwa chini ya baiti 500,000.

Sharti hilo lilikuwa na tarehe ya kufa iliyoandikwa ndani ya msimbo wa programu: 15 Mei 2013. Kati ya tarehe hizo mbili, wenye matoleo ya zamani walitumiwa tahadhari mara kwa mara wakihimizwa kuhamia 0.8.1. Asiyeweza kuhama kwa sababu yoyote alionyeshwa njia nyingine, faili ndogo ya DB_CONFIG ya kuweka kwenye kabrasha la data, ikipandisha idadi ya kufuli kutoka 10,000 hadi 537,000. Naipenda sana hatua hii. Mtandao ulikuwa unakwenda kufanya kwa makusudi kilekile kilichotokea kwa ajali usiku ule, yaani kupanua bloku zinazokubalika, na safari hii kila mtu alipewa taarifa, muda, na njia mbili za kujiandaa.

Tarehe 15 Mei ilipita bila tukio, kwa kuwa hakuna aliyechimba bloku nzito siku hiyo. Ilichukua miezi mitatu zaidi. Tarehe 16 Agosti 2013 bloku 252,451 iliingia kwenye mnyororo mkuu. Nodi za zamani ambazo hazikuwa zimerekebishwa ziliikataa, zikabaki nyuma, na mtandao ukaendelea mbele bila hizo.